Jinsi ya Kumnunua Tembo wa Tabora Bila Kuuza Shamba

Kijana alifika kwangu Ntalikwa jioni jua limelegea, akaegesha pikipiki chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Hakukaa. Alitazama barabarani, akatazama uani, ndipo akatoa leso mfukoni. Ndani ya leso mlikuwa na kitambaa chekundu, na ndani ya kitambaa mlikuwa na sarafu ya manjano yenye picha ya tembo. "Mali ya Mjerumani hii, mzee. Imefukuliwa juzi. Kuna Wazungu wanaitaka kwa milioni hamsini, lakini mimi nina shida ya haraka. Nipe mbili tu."

Nilimwuliza maswali matatu. Ina gramu ngapi? Chini ya mwaka kuna herufi gani? Na mtu mwenye shida ya haraka anakosaje nauli ya kumfikia Mzungu wa milioni hamsini? Swali la tatu lilimkera, la pili alilikwepa, na aliposikia neno "mizani" katika la kwanza akaikunja leso yake. Alikunywa chai, akashukuru, akaondoka. Najua amekwenda kijiji cha pili, na huko atamkuta mtu mwenye fedha za tumbaku mkononi.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Pia ni wa yule anayemtaka tembo wa kweli, kwa sababu tembo wa kweli yupo, alizaliwa hapa hapa Tabora, na sioni aibu kusema kwamba namtamani.

Mjue kwanza mnyama mwenyewe. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zililizuia koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lisipate kitu kwa njia ya bahari. Sarafu za koloni zilikuwa zikipigwa Ujerumani. Zenye herufi A zilitoka Berlin, zenye J zilitoka Hamburg. Meli zikikatika, sarafu nazo zinakatika. Noti zilichapwa humu humu nchini kwa karatasi hafifu, na mkulima aliyeleta mtama wake sokoni aliziangalia kama unavyoangalia ahadi ya mlevi. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilikuwa imekimbilia bara hadi Tabora. Mwaka 1916 ikaamua kujipigia fedha yenyewe. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Mashine zilikuwa za karakana ya reli pale Lulanguru, nje ya mji wetu, reli ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na kuwaondolea wapagazi kazi waliyoirithi kwa baba zao.

Zikapigwa sarafu za dhahabu 16,198, kila moja ya rupia 15. Upande mmoja una tai wa Kaizari. Upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, chini yake mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Tarehe 19 Septemba mwaka uleule jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur, ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo, likaingia mjini, na kazi ya kupiga sarafu ikaishia hapo.

Hiyo ndiyo sababu ya uadimu wake. Sarafu yenye maisha ya miezi michache, iliyopigwa na mafundi wa garimoshi katika mji unaokaribia kutekwa, haiwezi kuongezeka. Na mchoro wake unamgusa mtu wa Unyamwezi mahali penyewe. Tabora ilipata umaarufu kwa pembe za tembo. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuja hapa kutafuta pembe, ikapumzika hapa, ikagawanyika hapa, mmoja kuelekea Ujiji na mwingine kuelekea Karagwe na Buganda. Mababu zetu walizibeba pembe hizo mabegani hadi pwani. Alipokuja kuchorwa tembo kwenye dhahabu, tembo mwenyewe alikuwa ameshauzwa kwa miongo mingi.

Sasa shika kalamu, kwa sababu penye uzito ndipo matapeli wengi wanapoanguka. Tembo wa Tabora ana gramu 7.168. Kiwango cha dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Ukipiga hesabu unapata gramu 5.376 za dhahabu halisi, na robo iliyobaki ni madini mengine. Linganisha na sarafu ya Ujerumani ya Mark 20, ambayo ilikuwa na gramu 7.168 za dhahabu halisi ndani yake. Kwa sheria ya koloni rupia 15 zilikuwa sawa na Mark 20. Maana yake serikali ilimtoa tembo wetu sokoni kwa bei ya Mark 20 huku tumboni ana dhahabu ya Mark 15. Vita ilikuwa imekula robo yake kabla hajazaliwa. Nalipenda jambo hili kuliko yote yanayomhusu, maana linaonyesha hali ya mji ule mwaka ule kuliko maelezo ya jenerali yeyote.

Linakusaidia pia. Muuzaji akikuambia "dhahabu tupu hii, karati 24", amekwisha kukiri kwamba hamjui tembo. Mrudishie leso yake.

Asipokiri, nenda naye kwa sonara. Mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu inatosha. Pima ikiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwa dhahabu ya karati 18 yenye uzito huu, jibu linapaswa kuwa kati ya gramu 0.45 na 0.48. Shaba ya manjano yenye uzito uleule itasukuma zaidi ya gramu 0.8. Hakuna leso nyekundu inayoweza kubishana na kikombe cha maji. Muuzaji mkweli ataingojea sarafu itoke majini akiwa ametulia. Mwongo atakumbuka kwamba ameacha pikipiki bila kufuli.

Maji yakikubali bado hujamaliza. Kuna nakala zilizotengenezwa kwa dhahabu ya kweli, kwa sababu wakusanyaji wanalipa kuliko thamani ya madini. Hapo unahitaji jicho la mtu aliyewahi kushika nyingi. Wenye ujuzi hutazama pambo lililo upande wa maandishi, ncha yake ya kulia inaishia wapi chini ya neno OSTAFRIKA. Wapo tembo ambao ncha yao inaishia chini ya herufi A, na wapo ambao inaishia chini ya T. Wote wawili ni halali, lakini kila mmoja ana rekodi yake. Kagua na ukingo. Tembo wengi walitobolewa au kuchomelewa pete ili wavaliwe shingoni, baadaye tundu likazibwa. Alama ya uchomeleaji inashusha bei sana, nawe una haki ya kuambiwa kabla ya kulipa.

Na yeyote atakayekuambia kwamba sarafu hii ina zebaki, inavuta mchele, inazima tochi au inalindwa na mzimu wa askari, usimsikilize hata kwa adabu. Nimeona watu wenye akili zao, wenye wajukuu, wakichimba usiku kandokando ya maboma ya Wajerumani kwa uvumi huo. Wamepata misumari na chupa.

Tuje kwa muuzaji halali. Kwa saa za fahari jambo hili lina utaratibu wake. Anayetafuta Rolex ya kugombaniwa, tuseme Daytona, huenda kwenye duka lililoidhinishwa na kampuni, jina lake likaandikwa, akangoja miezi au miaka, na mara nyingi hutazamwa kwanza kama ni mteja wa siku nyingi au mpita njia. Tembo wa Tabora hana duka lililoidhinishwa na mwenye kiwanda, kwa kuwa mwenye kiwanda aliondoka mjini Septemba 1916 bila kuacha anwani. Badala yake kuna sifa. Kuna Chama cha Kimataifa cha Wauzaji Sarafu Wataalamu, kilichoundwa Geneva mwaka 1951, ambacho wanachama wake hulazimika kuudhamini uhalisi wa wanachouza. Kuna nyumba za minada zenye umri na jina la kulinda, kama Baldwin's ya London iliyoanza mwaka 1872 na Künker ya Osnabrück, Ujerumani. Na kuna kampuni mbili za Marekani, PCGS na NGC, ambazo hukagua sarafu, huipa daraja kati ya 1 na 70, huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki na kuipa namba. Namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye intaneti ukalinganisha picha na kilicho mbele yako. Linganisha mikwaruzo mmoja mmoja. Kasha nalo hughushiwa.

Muuzaji wa aina hii utamtambua kwa mambo mawili. Hakuharakishi, na anakuandikia. Mdai stakabadhi yenye jina la sarafu, uzito, hali yake, na ahadi ya kurudisha fedha ikithibitika kuwa ya bandia. Asiyetaka kuandika, hata awe na tai shingoni na kiyoyozi dukani, hana tofauti na kijana wangu wa leso.

Kisha jitambulishe kama mtu. Hapa ndipo sisi watu wa bara tuna nafasi nzuri kuliko tunavyodhani. Mwandikie mwenye duka, mweleze unatoka Tabora, unaijua Lulanguru, na unamtafuta tembo kwa sababu ni wa kwenu. Muulize kuhusu sarafu ndogo kwanza. Nunua moja, lipa kwa wakati, uliza swali la maana. Wauzaji wa vitu adimu wana daftari, na wakipata kizuri huwapigia simu kwanza wale wanaowaamini. Kuingia kwenye daftari hilo hakuhitaji utajiri. Kunahitaji kutimiza neno lako mara mbili tatu.

Kungoja nako ni kazi. Kwenye njia hii ya misafara saa ya dhahabu iliwahi kupita, na ilichelewa. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Kaze, Tabora ya leo, Januari 1861, akiwa na zawadi alizokusudia kuwapa watawala wa mbele. Vita kati ya Waarabu na Mnywa Sere, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, ilikuwa imepamba moto, wapagazi hawakupatikana, na mzigo ukakaa. Ilimchukua zaidi ya mwaka mzima hadi Februari 1862 kufika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na katika orodha ya zawadi alizomkabidhi imo saa moja ya dhahabu. Kama saa ya mfalme ilingoja vita ya Unyanyembe itulie, wewe ngoja mnada wa mwaka kesho. Anayekimbilia tembo wa kwanza anayemwona kwenye simu ndiye anayelipa mara mbili.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi na bila kupamba. Tembo mzuri leo anauzwa kwa maelfu ya dola za Marekani, na bei hupanda kwa hali ya sarafu kuliko kwa uzito wa dhahabu. Mnadani bei ya nyundo siyo bei ya mwisho, kwani nyumba ya mnada huongeza kamisheni, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, kisha kuna usafirishaji, bima na forodha. Piga hesabu ya yote hayo kabla hujanyoosha mkono. Andika kikomo chako kwenye karatasi, mpe mkeo au mumeo aishike, na mnada ukianza mtazame yeye, usitazame tembo. Ukiileta sarafu nyumbani itangaze forodhani. Kitu kilichopita kwa siri hakiuziki kwa heshima baadaye.

Na usiuze shamba. Shamba mtu hulilima msimu huu akalilima na ujao; mizinga yetu porini hutoa asali kila mwaka nyuki wakitunziwa misitu yao. Tembo huyu hazai, halimi, halipi ada ya shule. Anunuliwe kwa fedha ambayo hata ikipotea watoto watakula usiku huo. Kwa watu wengi wa Ntalikwa fedha hiyo haipo, na haitakuwepo mwaka kesho, nami sitawadanganya kwamba kujinyima soda kutaileta.

Lakini nina habari njema kwao, na hii ndiyo niliyotaka kuifikia tangu mwanzo. Karakana ileile, mwaka uleule, ilipiga pia sarafu za heller 20 na heller 5. Nyingi zilikuwa za shaba ya manjano, na inasimuliwa kwamba maganda ya risasi na mizinga yaliyeyushwa kuzitengeneza. Zilipigwa kwa wingi mkubwa, kwa sababu hizi ndizo zilizohitajika mtaani. Upande mmoja kuna taji, herufi D.O.A. za jina la koloni kwa Kijerumani, mwaka 1916 na ile ile T ya Tabora. Upande wa pili kuna thamani yake ndani ya shada la majani. Hazina tembo. Hazing'ari. Nyingi zimepinda kidogo au zimepigwa upande, ungesema fundi alikuwa na usingizi. Huenda kweli alikuwa nao.

Heller mia moja zilifanya rupia moja. Sasa itamke heller kama alivyoitamka muuza karanga wa Tabora mwaka 1916, kwa kinywa kinachotaka irabu mwishoni. Hela. Wajerumani waliondoka, rupia yao ikafa, shilingi ya Afrika Mashariki ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikafuatwa na shilingi yetu wenyewe. Hela ikabaki mdomoni. Mama anayesema hana hela ya kununulia chumvi analitaja jina la sarafu hiyo kila asubuhi. Vijana wanaoimba kuhusu hela wanaimba kuhusu kipande hiki cha shaba. Dhahabu ya Sekenke ilikuwa ya malipo makubwa, na mpagazi wa kawaida hakuwa mtu wa kushika rupia 15 kwa mara moja. Iliyopita mikononi mwa watu, ikanunua mtama, ikalipa mganga, ikafungwa kwenye pindo la kaniki, ni ya shaba.

Na hii unaweza kuinunua kwa wauzaji wale wale wa London na Ujerumani, kwa bei ya mlo wa familia katika hoteli ya wastani, na kwa stakabadhi ile ile. Mtu akiniuliza kipi kati ya viwili kina Tabora zaidi ndani yake, namjibu bila kusita kwamba ni hela.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi wa Ntalikwa, Ipuli au Kwihara ni huu: anza na hela ya 1916 yenye T. Jifunze kuishika kwa ukingo, jifunze kuisoma, jifunze kuuliza. Ukibarikiwa baadaye ukampata tembo, utakuwa umeshajua kununua.

Ukiipata yoyote kati ya hizo, usiisugue. Usitumie mchanga, ndimu, majivu wala dawa ya meno. Wangapi wameichukua sarafu ya babu, wakaing'arisha ili mteja aipende, wakafuta kwa dakika tano kile ambacho miaka mia moja haikukifuta! Mkusanyaji anaitaka na uchafu wake wa uzee. Iweke kwenye karatasi kavu, mbali na jasho, mbali na mfuko wa nailoni unaotunza unyevu.

Na kama ipo tayari kwenye kasha la bibi, kwenye nyumba moja ya hapa kwetu, nakuomba jambo moja kabla hujaipeleka kwa mtu wa leso. Ipime. Ipige picha pande zote mbili. Andika ilitoka kwa nani, na alikuwa wapi mwaka 1916 kama kuna mzee anayekumbuka alivyoambiwa. Kisha uiuze ukitaka, ni mali yako, na shida haina mdhamini. Lakini picha na maandishi hayo yapeleke kwenye nyumba ya makumbusho ya Kwihara au kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu. Sarafu za mji huu zinaelezwa katika orodha za Ulaya kwa gramu na daraja. Jina la mtu wa Tabora aliyezitumia halimo, na sisi tu ndio tunaoweza kuliandika.

Mimi ninayo ya shaba, ya heller 20, imepinda kidogo upande wa taji. Ukipita Ntalikwa karibu uishike, mikono ikiwa mikavu.